Ninasomea PR na sina mjomba mjini: nitajulikanaje?

SWALI

Habari za kazi, washauri?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Ninasomea mawasiliano na ninataka kufanya kazi ya mahusiano ya umma (PR). Atachimenti yetu, yaani mafunzo ya kazini, ni ya miezi mitatu, kuanzia Mei. Kila wiki mhadhiri hutuhimiza tujuane na watu wa fani na tuitumie mitandao ya kijamii vizuri. Nimejaribu. Nimefungua ukurasa wa LinkedIn, nimeomba kuunganishwa na wakurugenzi wa kampuni za PR za Westlands na Upper Hill, na kila anayenikubali ninamwandikia hivi: “Hujambo. Mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na ari ya kujifunza. Natafuta nafasi ya atachimenti katika kampuni yako. Tafadhali nisaidie. Nimeambatisha wasifu wangu.” Wanasoma, wananyamaza.

Pia nina akaunti ya TikTok ya vichekesho kuhusu abiria na makanga wa Thika Road. Ina wafuasi wapatao 11,000. Rafiki mmoja ananiambia niifute kabla waajiri hawajaiona. Mwingine anasema ninunue wafuasi zaidi ili nionekane mtu mkubwa. Makongamano ya watu wa PR hufanyika hotelini, na kiingilio kinakaribia kodi yangu ya mwezi. Nao wenzangu waliopata nafasi mapema, ukichunguza, utakuta wana mjomba au shangazi mahali. Wazazi wangu ni wakulima Kitale, hawamjui mtu yeyote wa ofisini huku Nairobi.

Nifanye nini kati ya sasa na Mei?

Mwanafunzi, Zimmerman

JIBU

Hujambo, dada.

Tuanze na ule ujumbe, maana shida kubwa iko hapo kuliko kwa mjomba. Hebu usome kama ni wewe unayeupokea. Hujasema atachimenti inaanza lini na inakwisha lini. Hujasema unajua kufanya nini. Umeambatisha faili ambalo mtu asiyekufahamu hatalifungua kwenye simu akiwa mkutanoni. Tena umemwomba mkurugenzi jambo ambalo mara nyingi haliko mezani pake: nafasi za atachimenti hupangwa na idara ya wafanyakazi pamoja na meneja wa kikosi kitakachokupokea. Hayo maneno “bidii” na “ari” yamo katika kila barua inayoingia pale, kwa hiyo hayamwambii kitu.

Waache wakurugenzi kwa sasa. Watafute waliomaliza chuo chako miaka miwili au mitatu iliyopita. Kwenye LinkedIn fungua ukurasa wa chuo, nenda sehemu ya waliosoma hapo, andika “public relations”, kisha chagua Nairobi. Hao ndio wanaoandika rasimu, ndio wanaowapigia wanahabari simu, na nafasi ikitokea ndio ambao meneja huwauliza, “Kuna mwanafunzi mnayemjua?” Halafu andika kitu kama hiki:

“Habari, Bi. Fulani. Niko mwaka wa tatu wa mawasiliano, chuo ulichosomea. Nimesoma taarifa mliyotoa wiki jana kuhusu kampeni ya chanjo, nikaona redio mbili za Kiswahili zimeitumia karibu ilivyo. Je, ile ya Kiswahili huandikwa na nyinyi au na mteja? Ninajizoeza kuandika taarifa kwa lugha zote mbili kabla ya atachimenti ya Mei.”

Kuna swali moja tu, na linajibika kwa mstari mmoja akiwa kwenye foleni ya Waiyaki Way. Linaonyesha umeiona kazi yake. Amejua una atachimenti Mei bila kuombwa chochote. Akijibu, mshukuru, kafanye alichokuelekeza, kisha umrudie baada ya wiki mbili hivi umweleze kilichotokea. Hapo sasa ndipo pa kuuliza: “Kwenu barua za atachimenti hupokelewa na nani?” Asipojibu ule wa kwanza, mkumbushe mara moja baada ya wiki ya kazi kupita, basi. Ukirudi mara ya tatu atakufungia, na atakuwa na haki. Jua pia kwamba akaunti ya LinkedIn isiyolipiwa hukupa mialiko michache tu yenye ujumbe kila mwezi, kwa hiyo itunzie watu uliowachunguza. Wengine anza kwa kuchangia jambo la maana chini ya walichoandika. “Hongera sana” si mchango.

Weka rekodi kwenye Google Sheets: jina, anafanya kazi wapi, mlizungumza nini, tarehe ya mwisho, hatua inayofuata. Bila rekodi utamuuliza mtu mmoja swali lile lile mara mbili, naye atajua kwamba unatuma kwa mafungu.

Wenzako wa darasani wameegemea upande wa uanahabari, sivyo? Baada ya miaka mitatu hao ndio watakaokuwa kwenye madawati ya habari ambako wewe utakuwa unapeleka taarifa. Redio ya chuo na gazeti la wanafunzi ni mahali pa kujuana nao bure, na utajifunza jinsi mhariri anavyoamua lipi litoke na lipi litupwe. Wanafunzi wengi wa PR huwafukuzia wakurugenzi wala hawajawahi kukaa na ripota mmoja wakala chapati.

Sasa, mtu akishakujibu atataka kuona kitu. Kazi tatu nzuri zinatosha. Zikiwa kumi za kujaziajazia, atafungua ile mbaya zaidi kwanza.

Ya kwanza iwe taarifa kwa vyombo vya habari kuhusu jambo la kweli lililo karibu nawe: mashindano ya kandanda ya mtaa, kambi ya matibabu ya kanisa, maktaba iliyofunguliwa na kikundi cha vijana. Pata ruhusa ya wenyewe kwa maandishi, hata ikiwa ni kwa WhatsApp. Iwe na maneno 300 hadi 400. Aya ya kwanza iseme nani, nini, wapi, lini na kwa nini, kwa maneno yasiyozidi 40. Ya pili au ya tatu iwe na nukuu ya mtu mwenye jina na cheo ambaye ameisoma na kuikubali. Usimtungie mtu maneno. Mwisho weka sentensi mbili kuhusu kikundi chenyewe, jina la wa kuwasiliana naye na nambari itakayopokelewa. Kinachoharibu taarifa nyingi ni aya ya kwanza kujaa vyeo vya mgeni wa heshima huku habari yenyewe ikianza aya ya nne. Mhariri aliyeishiwa nafasi hukata kutoka chini, kwa hiyo habari yako inaondoka, vyeo vinabaki.

Maandishi yakae ndani ya barua pepe yenyewe, si kwenye PDF ambayo ripota atahangaika kunakili. Picha mbili au tatu ziambatishwe kando, kila moja na maelezo ya walio pichani kutoka kushoto kwenda kulia. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na gazeti haliwezi kuichapisha. Itume kama hati au kwa barua pepe. Na unapowatumia wanahabari wengi kwa pamoja, anwani zote zikae kwenye Bcc, sehemu inayoficha anwani za wapokeaji. Anayeziweka kwenye Cc amegawa orodha nzima ya ofisi kwa kila mtu, na atachi, yaani mwanafunzi aliye kwenye atachimenti, hukumbukwa kwa kosa hilo hata baada ya kuondoka.

Taarifa hiyo hiyo iandike upya kwa Kiswahili. Hapa una silaha ambayo wengi hawana, na tungekushauri uiweke mbele ya kila kitu. Runinga zetu kubwa husoma habari kwa Kiswahili saa moja jioni na kwa Kiingereza saa tatu usiku. Kuna Taifa Leo, kuna Radio Citizen, Radio Maisha na Radio Jambo. Hata hivyo ofisi nyingi za Nairobi hutoa taarifa kwa Kiingereza tu, kisha ripota wa saa moja anabaki akitafuta mtu wa kumpa sauti ya sekunde 15 au 20 kwa Kiswahili na hampati, kwa sababu msemaji hakuandaliwa. Atachi anayeweza kumwandikia bosi wake sentensi tatu za Kiswahili zinazotamkika bila kujikwaa ana kazi siku ya kwanza. Andika upya kabisa, usifuate Kiingereza sentensi kwa sentensi. Mhariri wa Kiswahili huligundua hilo kabla hajamaliza kichwa.

Saa hizo mbili za habari zinaeleza pia mambo mengine utakayoyakuta kazini. Uzinduzi unaoanza saa nne asubuhi na kwisha saa sita unampa mpiga picha muda wa kurudi, kuhariri na kuwahi saa moja. Ule unaoanza saa tisa alasiri Karen, na msongamano wa Ngong Road mnaujua, umeshaikosa taarifa ya Kiswahili kabla mgeni wa heshima hajashuka kwenye gari.

Kazi ya pili iwe ripoti ya ufuatiliaji wa habari. Chagua suala moja la umma, tuseme bei ya unga au karo za vyuo, lifuate kwa siku tano za kazi katika magazeti mawili, taarifa ya saa moja na mtandao mmoja wa kijamii. Jedwali liwe na tarehe, chombo, kichwa cha habari, aliyenukuliwa, mwelekeo wa habari, na kama ujumbe wa wahusika ulifika au ulipotea. Ukurasa wa mwisho andika unachokiona: nani anasikika kupita wengine, nani hajaulizwa, kipi kimejirudia. Usijaribu kukadiria thamani ya habari kwa kuilinganisha na bei ya tangazo la ukubwa huo. Kanuni za Barcelona za 2010, zinazofuatwa na wapimaji wa mawasiliano duniani, zilikataa hesabu hiyo waziwazi, kwa kuwa bei ya nafasi haisemi kama kuna aliyesoma wala kama alibadili mawazo. Bado utaiona kwenye ripoti za ofisi fulani. Ukiweza kueleza kwa upole kwa nini wewe hukuitumia, mwenye kukuhoji ataacha kuchezea simu.

Ya tatu ni zoezi la dharura: kampuni ya kubuni ya maziwa, wateja wanalalamika mtandaoni kwamba wameugua. Andika taarifa fupi ya saa ya kwanza inayosema kinachojulikana, kinachofanywa na lini wateja watapewa habari tena. Andika majibu kwa maswali matano makali ya ripota. Andika na ujumbe kwa wafanyakazi, ambao wanafunzi karibu wote husahau, ilhali ni karani wa duka atakayeulizwa kwanza. Usitumie jina la kampuni halisi, na kila ukurasa uandikwe ZOEZI kwa herufi kubwa katikati. Skrinshoti moja ikikatwa vibaya itasambaa kama taarifa ya kweli, na Kenya ilitunga sheria ya makosa ya kompyuta mwaka 2018 iliyogusa kuchapisha habari za uongo.

Kazi hizo ziweke kwenye folda moja ya Google Drive na ruhusa ya kila mwenye linki kusoma. Jaribu linki hiyo kwa simu ya rafiki. Tumeona maombi mazuri yakikwama kwenye ukurasa unaosema “omba ruhusa”, na hakuna meneja anayeomba ruhusa.

Kwenye LinkedIn, mstari ulio chini ya jina lako unachukua herufi 220. Usiupoteze kwa ndoto. Andika, kwa mfano: “Mwanafunzi wa mawasiliano, mwaka wa 3. Naandika taarifa kwa Kiswahili na Kiingereza. Natafuta atachimenti Nairobi, Mei hadi Julai.” Kisha chapisho moja kwa wiki linatosha: chukua tukio lililo hadharani, eleza nani alizungumza, baada ya muda gani, na nini hakikujibiwa. Usimkejeli mtu. Kampuni inayochomwa mtandaoni leo huenda ni mteja wa ofisi unayoiomba nafasi, na orodha za wateja mara nyingi haziko wazi kwa umma.

Kununua wafuasi: hapana. Kukagua kama wafuasi wa mtu ni wa kweli ni sehemu ya kazi ya PR yenyewe kabla ya kumlipa mshawishi wa mitandaoni, kwa hiyo unaowapelekea akaunti hiyo ndio wakaguzi. Wafuasi elfu kadhaa na watu sita wanaopenda video, hesabu imekwisha.

Lakini ile ya vichekesho usiifute. Watu 11,000 waliokufuata kwa sababu ya makanga wa Thika Road wanaonyesha kwamba unajua kushika masikio ya watu, na hilo halifundishwi darasani kwa urahisi. Usiipeleke ikiwa mbichi tu. Fungua takwimu za TikTok, chagua video tatu zilizofanya vizuri na moja iliyoanguka, kisha andika ukurasa mmoja: wastani wa muda wa kutazama, watu wanaacha kutazama sekunde ya ngapi, walikuja kutoka wapi, na ulibadilisha nini baadaye. Ile iliyoanguka itakupa sifa zaidi kuliko zile tatu, ukiieleza kwa ukweli.

Kabla ya hapo, safisha. Tafuta jina lako kwenye dirisha la faragha la kivinjari uone anachokiona mgeni. Kama uko X, andika kwenye kisanduku cha kutafuta “from:” likifuatwa na jina la akaunti yako, bila nafasi katikati, pamoja na neno moja moja linalokutia shaka. Matusi ya kawaida ya ujana husameheka. Mzaha wa kikabila hausameheki. Kuna sheria ya utangamano wa kitaifa ya 2008, na hata ukiiweka sheria kando, hakuna ofisi itakayompa mteja wake hatari hiyo. Kagua vichekesho vyako kwa jicho hilo: lafudhi unayoigiza inamcheka makanga, au inalicheka kabila lake? Na kama uliwahi kulipwa kutangaza kamari au mikopo ya simu, jiandae kuulizwa.

Kuhusu makongamano, usilipe kodi yako pale. Andikia waandaaji wiki tatu au nne mapema ujitolee kwenye meza ya usajili. Utaingia bure, utaona kila jina likipita, na utajua ni nani aliyekuja mwenyewe na nani aliyemtuma msaidizi. Jambo moja tu: usipige picha orodha ya waliohudhuria ukaanza kuwatumia ujumbe. Nambari zile zilitolewa kwa ajili ya tukio, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitambui “nilikuwa nikitafuta atachimenti”. Mtu mkizungumza, muombe mwenyewe, kisha umwandikie ndani ya siku mbili ukitaja kitu kimoja alichokisema. Public Relations Society of Kenya, chama cha wanataaluma kilichoanzishwa 1971, kina kundi la uanachama la wanafunzi. Uliza ada yake na kama chuo chenu kina tawi kabla ya kulipia chochote kingine. Mijadala ya Alliance Française na Goethe-Institut pale mjini mingi haina kiingilio, na watu wa mawasiliano wa mashirika huwa hawakosi.

Mjomba yupo, hatutakuficha. Nafasi nyingine hujazwa kwenye meza ya chakula Jumapili. Ila shindano hilo ni kali zaidi katika kampuni chache za PR zenye majina, ambako wanafunzi wa PR karibu wote wanaelekea. Wizara, serikali ya kaunti, sacco kubwa, hospitali, mashirika ya misaada na hata chuo chako mwenyewe vyote vina ofisi za mawasiliano, zina kazi tele, na atachi wawili watatu tu ndio hubisha hodi. Katika ofisi ya watu watatu utaandika taarifa wiki ya kwanza. Katika kampuni kubwa huenda ukakata magazeti na kusahihisha orodha ya wanahabari hadi Juni. Nayo ni kazi ya kujifunza, usiidharau, ila ujue unachokwenda kukikuta. Uliza mapema kuhusu nauli, maana atachimenti nyingi hazilipi.

Barua zianze kwenda Februari. Nenda idarani uchukue barua ya utambulisho yenye tarehe kamili, na uulize kuhusu bima ya ajali ya kipindi cha atachimenti: ofisi nyingi hazikupokei bila hiyo, na vyuo vingine hukawia kuitoa mpaka nafasi imechukuliwa. Barua pepe yako iwe na aya mbili, linki ya folda na tarehe kwenye kichwa chake: “Ombi la atachimenti, Mei hadi Julai, uandishi wa Kiswahili na Kiingereza.” Na kwenye yale makundi ya WhatsApp ya nafasi za kazi, anayekutaka utume “ada ya usajili” kwa M-Pesa ndipo akupe atachimenti ni tapeli, hata kama picha yake ya wasifu ina nembo ya kampuni unayoifahamu. Piga simu kwa nambari iliyo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, uulize.